Poda kwa Mtoto wa Watu

Kwenye vyuo vya kwetu ubao wa matangazo unaitwa valve. Nimeuliza wengi neno hilo limetoka wapi, na kila mmoja amenipa jibu lake kwa uhakika mkubwa, kwa hiyo nimeacha kuuliza. Ile ninayoisema, ya chuo kimoja kidogo cha Kalemie, ni sanduku pana la mbao lililopigiliwa ukutani nje ya ofisi. Mbele yake kuna wavu wa chuma kama wa banda la kuku, na kufuli. Ndani hubandikwa karatasi zenye muhuri. Karatasi isiyo na muhuri, hata ikisema ukweli mtupu, hapo si tangazo. Ni maneno ya mtu tu.

Mimi sikuwa mwanafunzi. Shule niliiacha mapema, nikiwa bado mfupi kuliko dawati la mwalimu, na tangu hapo nimekuwa mtu wa njia. Nimesukuma baiskeli zenye mizigo kwenda Manono, nimepakia mabehewa Kabalo, nimelima msimu mmoja karibu na Bendera, ambako nyaya za umeme zilipita juu ya muhogo wangu na nyumbani kwangu niliwasha kibatari. Kalemie nilikuja kwa ajili ya boti. Boti ikitoka Kigoma na saruji, sabuni na ndoo za plastiki, sisi ndio tunaoishusha. Lakini siku isiyo na boti ni ndefu sana. Wenzangu walicheza dama kwa vizibo vya chupa hadi jua likazunguka upande wa pili. Mimi siwezi kukaa hivyo. Miguu hunidai.

Ndivyo nilivyopanda kilima siku moja na kuikuta valve. Kifaransa changu ni cha kuungaunga, lakini nilisoma polepole, kidole kwenye wavu: kutakuwa na mkutano juu ya kupanda kwa maji ya ziwa, mchana, watu wote wanaalikwa. Nilisoma mara ya pili hapo mwisho. Watu wote. Nikaenda mlangoni.

"Wee, unaenda wapi?" akauliza mlinzi, mzee mwenye koti la jeshi lililopauka.

"Kwenye mkutano, Papa."

"Wewe ni mwanafunzi?"

"Hapana."

"Mwalimu?"

"Hapana, Papa. Imeandikwa watu wote."

Aliniangalia kuanzia ndara hadi kichwani, akageuka akaitazama valve kwa mbali, kama mtu anayehakikisha kwamba imesema kweli upuuzi huo. "Basi ingia," akasema. "Lakini ukae nyuma. Na ukilala, usikorome."

Sikulala. Umeme ulikatika mwalimu alipotaka kuonyesha ramani zake ukutani, kwa hiyo akaeleza ziwa kwa mikono: hapa mito inaingia, hapa maji yanatoka, hapa yanazibwa na mchanga na majani. Nilikuwa nimeona nyumba za ufukweni zilizoliwa na maji, nimelala hata kwenye varanda ya mojawapo, lakini sikuwahi kufikiri kwamba ziwa lina mlango. Nikainua mkono, nikauliza kama maji yatarudi mahali pake. Watu wakageuka kuona nani ameuliza kwa Kiswahili. Mwalimu akanijibu kwa Kiswahili, taratibu, kama anavyomjibu mtu yeyote. Hilo lilitosha kunirudisha.

Tangu hapo, kabla ya kushuka bandarini, nilipitia kwanza kwenye valve kila asubuhi. Mechi ya mwaka wa kwanza dhidi ya mwaka wa pili. Mwisho wa kulipa minerval, ada ya masomo. Misa ya kufungua mwaka. Mtihani umesogezwa. Mwenye kuokota kadi ya mwanafunzi airudishe ofisini. Mengi hayakunihusu, na bado niliyasoma yote, kwa sababu tangazo ni kitu cha ajabu ukilifikiria. Mtu anakaa mezani, anasema na watu asiowaona, anapiga muhuri, anaondoka. Hajui nani atasimama pale. Katika maisha yangu watu wameniita kwa sababu walihitaji mgongo wangu. Ile karatasi haikujua kama nina mgongo.

Aliyenisaidia kwenye maneno magumu alikuwa msichana mmoja aliyeuza unités, yaani muda wa kupiga simu, kwenye meza ndogo chini ya mwavuli karibu na lango. Naye alikuwa mwanafunzi, mwaka wa mwisho; akitoka darasani anafungua mwavuli, kengele ikilia anaufunga. Aliniita yaya, kama tunavyomwita kwetu kaka mkubwa.

"Yaya, leo unataka kujua nini tena?"

"Délibération njo nini?"

"Njo walimu kujifungia ndani na kuamua kama utalia ao utacheka."

"Na huwa wanachelewa?"

"Wakikunywa chai, ndiyo. Yaya, kwa nini usijiandikishe tu? Umeisha kujua chuo hiki kuliko mkuu wake."

Alikuwa mtoto wa Kabalo. Baba yake alifanya kazi ya reli, akafa, mama alimfuata. Aliyemlea ni shangazi yake, muuza mikate pale stesheni. Kazi yake ya kumalizia masomo ilihusu wanawake wa ufukweni: jinsi wanavyokausha ndagala wakati wa mvua, samaki walewale wadogo tunaowala kila siku bila kuwafikiria. Alikuwa amekaa nao mwezi baada ya mwezi. Hata mwavuli wake ulinuka ndagala, wenzake wakamtania kwa hilo.

Nilipogundua kwamba défense nayo hutangazwa kwenye valve, na kwamba iko wazi kwa watu wote, sikukosa hata moja. Mwanafunzi anasimama mbele ya walimu watatu, suruali au sketi nyeusi, shati jeupe, anatetea alichoandika. Walimu wanauliza, wanatoka nje, wanarudi, wanasoma uamuzi. Na hapo ndipo jambo lenyewe linapoanza. Familia inavunja ukimya kwa vigelegele, inamwaga poda juu ya kichwa cha mtoto wao mpaka macho tu ndiyo yanabaki, inatandika vitenge chini kuanzia pale aliposimama mpaka nje uani, naye anatembea juu yake kama bibi harusi. Uani wanafunzi wengine wamekaa ukutani kuangalia. Wakimwona anayetoka bila poda, nguo nyeusi imebaki nyeusi, wanaambiana: ametoka mukavu. Hawasemi kwa sauti kubwa. Hawana haja.

"Mimi pia nilikuwa nasemaga," msichana wa unités aliniambia siku moja, akifuta vumbi kwenye meza yake. "Kuna kaka mmoja wa Nyunzu, alitoka mukavu, anabeba tu faili yake kwapani. Tulicheka. Sasa naogopa ile njia, yaya. Walimu siwaogopi. Naogopa kutoka kwenye mlango mpaka kwenye lango."

"Shangazi yako atakuja."

"Atakuja. Tarehe yangu iko mbali, gari ya moshi itakuwa imefika huku. Ameisha kununua hata kitenge."

Basi asubuhi moja nikakuta karatasi mpya juu ya valve, gundi yake bado mbichi. Mwenyekiti wa walimu wanaosikiliza alikuwa na safari. Défense zote za wiki iliyofuata zimeletwa mbele, zitafanyika Ijumaa hii. Nilisoma jina la yule msichana kwenye karatasi. Nikasoma tena. Kisha nikaenda kumngoja kwenye mwavuli uliofungwa, na alipofika nilimwonyesha tu kwa kidole.

Alirudi kutoka kwenye valve akiwa ameshika simu sikioni. Nilisikia sauti ya shangazi yake hadi nilipokaa, maana ni mtu wa stesheni, amezoea kushindana na honi.

"Mwanangu, gari iko palepale! Wanasema inangoja mafuta, kesho wanasema inangoja kichwa. Niko na kitenge mkononi, niende wapi nacho?"

"Haina neno, shangazi."

"Iko na neno! Nani atakupaka poda?"

"Kuna watu huku."

Alikata simu, akakaa. Wateja wawili walikuja kununua unités akawauzia bila kuwaangalia. Kisha akasema, "Yaya, utakuja Ijumaa?"

"Nitakuja. Nitaleta wenzangu wa bandarini, tutajaza benchi."

"Wataoga?"

"Nitawaambia."

Wenzangu walikubali kwa furaha, hasa waliposikia kwamba watu wengine huleta chakula. Nami nikanunua kopo la poda kwenye duka la karibu na soko, lile la kopo refu la watoto. Muuzaji akaniuliza mtoto amezaliwa lini. Nikamwambia Ijumaa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ilinyesha mvua kubwa. Asubuhi nilikuta wafanyakazi wanachota maji kwenye chumba cha kati, bati lilikuwa limefunguka. Ilipangwa yule msichana atetee humo, na mwingine, msichana wa Manono, kwenye chumba cha mwisho. Wakabadilishana: wa kwetu akahamishiwa chumba cha mwisho, na yule wa Manono angoje cha kati kikauke, ataingia baada yake. Karatasi ya mabadiliko ilibandikwa kwenye valve, na muhuri wake. Kwa aliyetoka mbali, aliyeambiwa tangu jana aende chumba cha mwisho, haikuwa na faida yoyote.

Wenzangu hawakuja. Niliwangoja langoni mpaka nikasikia honi kutoka chini, ndefu, nikajua boti imeingia. Siwezi kuwalaumu, hata mimi miguu yangu iligeuka yenyewe kidogo. Halafu nikaingia ndani, nikakaa benchi la mbele kwa mara ya kwanza. Tulikuwa mimi, wanafunzi wachache waliokaa karibu na dirisha ili waweze kutoka, na mlinzi mzee aliyesimama mlangoni akijifanya analinda.

Msichana alizungumza vizuri. Alieleza turubai na chanja, na jinsi mama anavyonusa upepo kabla ya kuanika. Mwalimu mmoja alimuuliza kwa ukali kwa nini asipendekeze mashine. Akajibu kwamba aliwauliza wanawake wenyewe kuhusu mashine, nao wakamuuliza kama mashine hiyo italala ufukweni peke yake. Walimu wakacheka, hata yule mkali.

Mimi nilisikia nusu. Kopo lilikuwa mfukoni mwa koti langu na lilinichoma kama kaa la moto. Nilikuwa nimepanga tungekuwa kundi, vigelegele vya uongo na kweli, tungemmwagia poda na kucheka. Sasa ni mimi peke yangu. Mwanamume mmoja wa bandarini, asiye ndugu yake, anasimama katikati ya chumba kitupu na kumpaka msichana poda kichwani: hilo lingekuwa bora kuliko kutoka mukavu, au baya zaidi? Wangesema nini pale ukutani? Niliwaza hivyo walimu walipotoka kwenda kuamua, na walikunywa chai, maana walichelewa. Yeye alisimama wima mbele, mikono nyuma. Hakuniangalia. Nadhani hakutaka kuniomba kwa macho.

Walirudi, wakasoma. Alikuwa amefaulu, tena kwa heshima kubwa. Tulipiga makofi, na makofi ya watu wachache katika chumba kikubwa ni kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Unangoja mengine yaje. Nikaingiza mkono mfukoni.

Ndipo tukasikia ngoma.

Ilitoka uani, ikaingia kwenye varanda, na pamoja nayo sauti za wanawake, nyingi. Mlinzi alirudi nyuma na mlango ukajaa. Ilikuwa kwaya nzima ya kanisa, vitenge vya rangi moja, kiongozi wao mwanamke mnene mwenye kopo la poda katika kila mkono. Hawakuuliza. Walimwona msichana amesimama mbele, nyeusi chini nyeupe juu, walimu wanakusanya karatasi, wakamwendea wakiimba. Poda ikaruka. Nilimwona kwa kitambo kidogo akifumbua mdomo kusema kitu, kisha sikumwona tena. Lilikuwa wingu tu, na mikono, na vigelegele vilivyonifanya nishike masikio. Mwenyekiti wa walimu alikimbiza faili zake.

Wimbo ulipofika mahali pa kupumua, mwanamke mwingine alitokea mlangoni. Alikuwa na beseni la chakula kichwani na vumbi jekundu la safari hadi kwenye nyusi.

"Mbona mumeanza bila mimi?" akasema. Kisha akatazama vizuri. "Huyu njo nani?"

"Njo mutoto wako, mama," akasema kiongozi wa kwaya.

"Wangu ni murefu kunishinda mimi. Huyu mumemutoa wapi?"

Ngoma ilinyamaza. Baadaye nilielewa: familia ya Manono ilikuwa imefikia kwa waumini wenzao hapa mjini, kwaya ikaombwa ije kuimba, na katika hiyo kwaya hapakuwa na hata mmoja aliyemjua binti. Waliambiwa chumba cha mwisho, msichana wa nyeusi na nyeupe. Mama alichelewa langoni akishusha mabeseni kwenye pikipiki.

Yule msichana alianza kujipangusa. Alipangusa shavu, halafu paji la uso, haraka haraka, kama mtu aliyekutwa amevaa nguo ya mwenzake. "Unisamehe, mama. Sikujua. Wako yuko chumba cha kati, ataingia sasa hivi."

Karibu na dirisha wanafunzi walikuwa wameacha kuondoka.

Mama aliteremsha beseni, akampa mtu wa karibu, ambaye alikuwa mimi. Akamwendea. "Wacha kupangusa. Nani amekuambia upanguse?" Akaushika ule mkono. "Watu wako wako wapi?"

"Kabalo, mama. Gari ya moshi haikutoka."

"Na wewe umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Basi." Akageukia kwaya. "Munangoja nini? Mumeisha kumuchafua, sasa mutamuacha hapo kama ukuta haujamalizwa kupakwa? Vitenge viko wapi? Mimi nimetoka Manono juu ya pikipiki, mugongo wangu umebaki njiani, siwezi kuja kuangalia watu wamesimama."

Walicheka, ngoma ikarudi, vitenge vikaanza kutandikwa. Lakini kiongozi wa kwaya alikuwa anatikisa makopo yake karibu na sikio, moja baada ya jingine, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, poda imekwisha."

"Yote?"

"Hatukujua kama mutakuwa na wawili."

"Na wangu nitamupaka nini? Unga wa muhogo?"

Nikaliweka beseni juu ya meza ya walimu. Nikatoa kopo langu, jipya, bado lina karatasi yake, nikampa. Mama alilipokea kwa mikono miwili bila kuuliza mimi ni nani. Aliyeuliza ni yule msichana, macho mawili meusi katikati ya weupe.

"Yaya! Ulikuwa nayo wakati huu wote?"

"Nilikuwa nayo."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Mlinzi ndiye aliyejibu kutoka mlangoni. "Huyu? Alikuwa anangoja tangazo lenye muhuri."

Walicheka mpaka mwalimu mkali akacheka nao. Msichana akatoka juu ya vitenge. Niliwaangalia wale wa ukutani alipopita, mmoja mmoja. Hakuna aliyemnong'oneza mwenzake. Mmoja alishuka akatembea nyuma ya kwaya akipiga makofi, wengine wakamfuata.

Baada ya kufika langoni alirudi mwenyewe, mweupe vilevile, akakaa benchi la mbele katika chumba cha kati, karibu na mama wa Manono, kusikiliza défense ya binti wa watu. Mwenyekiti alipoingia alimtazama akauliza kama yeye hajamaliza yake. Akasema amemaliza, huyu ni ndugu yake. Simu ikalia: Kabalo. Alimnong'onezea shangazi yake, kisha akaona heri ampe mama wa Manono simu, na wale wanawake wawili wasiojuana walizungumza huko varandani mpaka unités zote za msichana zikaisha, na nadhani hata zile za kuuza.

Mimi nilingoja nione kopo langu linafunguliwa juu ya kichwa cha yule mrefu wa Manono. Lilitosha. Kisha nikashuka bandarini, nikijua nimechelewa. Boti ilikuwa imeshushwa nusu. Wenzangu wakaona mikono ya koti langu, myeupe kwa poda.

"Wewe! Umeshusha unga wapi bila sisi?"

"Chuoni. Kulikuwa na défense."

"Haa, tulisahau! Ilikuwa ya nani tena?"

Nilifikiri nieleze, tangu kwenye mvua na bati. Boti ilikuwa inangoja.

"Ya mutoto wetu," nikasema, nikainama kuchukua mfuko wa kwanza.